Laura Palmer Hakuwa Fumbo Tu: Majibu kwa Wanaorudia Twin Peaks

Tangu David Lynch alipofariki Januari 2025, siku chache kabla ya kutimiza miaka 79, barua nyingi za safu hii zimekuwa za watu waliorudi kuitazama Twin Peaks, tamthilia aliyoibuni pamoja na Mark Frost. Ilianza kuonyeshwa na kituo cha ABC cha Marekani tarehe 8 Aprili 1990. Baadhi yenu mnairudia baada ya miaka mingi, wengine mmeanza juzi na mmekwama. Safu ya leo ni yenu. Wasomaji wa zamani wanajua kwamba naishi Kent, jimbo la Washington, si mbali na milima ile inayoonekana mwanzoni mwa kila sehemu, na wanajua kwamba ukinigusia Twin Peaks sinyamazi upesi. Ila nawatahadharisha: muuaji wa Laura Palmer, msichana ambaye mauaji yake ndiyo yanayoanzisha hadithi, nitamtaja. Ambaye hajaitazama aliweke jarida kando kwanza.

Shikamoo Mama. Binti yangu alinishawishi nikaanza Twin Peaks. Nilipofika sehemu ya tatu akatokea mtu mfupi mwenye suti nyekundu, anacheza dansi kwenye chumba cha mapazia mekundu na maneno yake hayasikiki kama ya binadamu. Nikazima. Sasa nataka kurudi. Nifuate mpangilio gani? *Msomaji, Tanga*

Marahaba mwanangu. Anza upya kabisa, usiendelee ulipoachia. Ile sehemu ya kwanza ndefu, ya dakika zipatazo 94, ndiyo msingi wa nyumba nzima. Kama umepewa DVD za zamani, zikague kabla hujakaa. Msimu wa kwanza uliotolewa kwa DVD Marekani mwaka 2001 haukuwa na sehemu hiyo kwa sababu ya mambo ya haki za umiliki, na kuna watu walianzia katikati ya habari bila kujijua. Liko pia toleo lake lililotengenezwa kuuzwa nje ya Marekani kama filamu inayojitegemea, likiwa limebandikwa mwisho ambao haumo katika tamthilia. Hilo liache. Chumba chekundu kilichokukimbiza kilizaliwa humo. Lynch alikipenda, akakirudisha kama ndoto ya mpelelezi Dale Cooper. Waigizaji walijifunza kutamka maneno kinyumenyume, sauti ikarekodiwa, kisha mkanda ukageuzwa, ndiyo maana maneno yanaeleweka lakini ulimi unaonekana kama si wao.

Baada ya hapo maliza msimu wa kwanza, sehemu 8, na wa pili, sehemu 22. Kisha filamu ya 1992, Fire Walk with Me. Mwisho zile sehemu 18 za mwaka 2017. Usikubali mtu akwambie uanze na filamu kwa kuwa eti matukio yake yalitangulia. Filamu ile inamhitaji mtu ambaye ameshaomboleza.

Msimu wa pili, muuaji akishapatikana, hadithi inapwaya. James, kijana aliyempenda Laura kwa siri, anapanda pikipiki yake kwenda kwa mwanamke tajiri aliyekutana naye safarini, na hapo unaweza kukunja nguo huku unatazama, hutapoteza kitu. Lakini sehemu ya mwisho, ya tarehe 10 Juni 1991, Lynch alirudi kuiongoza mwenyewe. Hiyo kaa chini, zima simu.

Mama, mimi niliambiwa muuaji kabla sijaanza. Naona utamu wote umekwisha. Kwa nini watu wanairudia tamthilia ya upelelezi ambayo jibu wanalo? *Msomaji, Mombasa*

Ndugu yangu, uko na wengi. Mwaka 1990 Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni, vya kwanza vilikuja 1994. Watu wa rika langu hatukuijua ile homa ya Wamarekani kuulizana kila wiki nani kamuua Laura Palmer. Tulipoipata, jibu lilikuwa limeshazagaa. Nami nakwambia kwa moyo wote kwamba hatukupunjwa kitu.

Lynch mwenyewe hakutaka jibu litolewe. Kituo kilishinikiza, na tarehe 10 Novemba 1990 watazamaji wakaonyeshwa kwamba muuaji ni Leland Palmer, wakili, baba mzazi wa Laura. Kipindi kilikuwa kimeshahamishiwa Jumamosi usiku, watazamaji wakaendelea kupungua, na Juni iliyofuata kikazimwa. Kama utamu wote ungekuwa katika jina la muuaji, Twin Peaks ingezikwa siku hiyo na isingetajwa tena. Badala yake lilizuka jarida la mashabiki, Wrapped in Plastic, lililotoka kuanzia 1992 hadi 2005, matoleo 75. Watu hawafanyi kazi ya namna hiyo kwa ajili ya jina ambalo tayari wanalo.

Sasa nenda kaitazame sehemu ya kwanza ukiwa unamjua muuaji, na uangalie habari ya msiba inavyofika. Pete Martell ametoka asubuhi kwenda kuvua samaki, anaukuta mwili ufukweni umeviringishwa kwenye plastiki. Nyumbani kwa akina Palmer, mama yake Laura, Sarah, anamwita binti yake ashuke. Kimya. Anapanda ngazi, anashuka, anapiga simu huku na huku. Mwishowe anampata mumewe hotelini, yuko kwenye mkutano na wageni kutoka Norway. Leland anamtuliza mkewe. Akiwa bado ana simu sikioni anamwona Sherifu Truman anaingia. Hajaambiwa chochote, lakini uso unabadilika na mkono unalegea, simu inaponyoka. Kamera haimfuati sherifu. Inaufuata waya wa simu, taratibu, kwenda chini, na humo tunamsikia Sarah upande wa pili: ameshajua, analia kilio ambacho hakuna muziki ungeweza kukifunika.

Ukiitazama mara ya kwanza, huyu ni baba aliyefiwa. Mara ya pili macho yako hayaondoki kwenye mkono wa Leland, unajiuliza mkono huo ulifanya nini usiku uliopita. Na kuna jambo linalozidisha uzito: Ray Wise, aliyemwigiza Leland, wakati huo hakuwa ameambiwa kwamba yeye ndiye muuaji. Aliambiwa msimu wa pili. Kwa hiyo majonzi yale aliyaigiza kama baba aliyefiwa kwelikweli, hakuna hila ndani yake, na ndiyo maana yanatisha zaidi ukijua.

Halafu shuleni. Mwalimu anaita majina, polisi anatokea mlangoni, msichana anapita uani mbio huku anapiga mayowe. Donna, shoga yake Laura, anageuka kukitazama kiti kitupu. Hakuna aliyemwambia neno, anaanza kulia. Mwalimu mkuu anatangaza kwenye vipaza sauti, anashindwa kumaliza. Kamera inapita kwenye korido isiyo na mtu hadi kwenye kabati la vikombe vya ushindi, ambako picha ya Laura imewekwa, anatabasamu.

Tamthilia nyingi za upelelezi zinamtumia marehemu kama mlango wa kuingilia tu. Shuka linafunuliwa, mpelelezi anauliza saa ya kifo, tunasonga mbele. Hapa Afisa Andy anatumwa kupiga picha za mwili, analia hadi anashindwa. Nimekulia Tanga, kwenye nyumba ambazo matanga yana siku zake, yana anayepika, anayepokea wageni, na anayekaa tu na mfiwa bila kusema kitu. Sikuwahi kuona televisheni ya Marekani ikimpa maiti heshima hiyo.

Nenda sehemu ya nne, kwenye mazishi. Bobby, mpenzi wa Laura, anawageukia waombolezaji na kuwaambia kwamba wao wote ndio waliomuua, kwa sababu walijua ana matatizo na hawakufanya lolote. Unaposikia mara ya kwanza unadhani ni hasira za kijana. Ukirudia unatambua kwamba jibu la tamthilia nzima limetolewa pale, wazi, mbele ya jeneza, wakati Wamarekani wote wanasubiri jina la mtu mmoja. Mji mzima ulikuwa na kipande cha habari za Laura. Daktari wake wa akili alikuwa nacho, Bobby alikuwa nacho, James alikuwa nacho, mama yake alikuwa na ndoto zake. Kila mmoja alikalia chake. Hiyo ndiyo sababu watu wanarudia, ndugu yangu: kumtafuta Laura, maana muuaji tulishampata.

Nisaidie, yule mwenye nywele ndefu za mvi anayechungulia nyuma ya kitanda ni nani? Sijalala vizuri wiki nzima. *Msomaji, Unguja*

Pole sana. Anaitwa Bob katika hadithi, na aliyemwigiza, Frank Silva, hakuajiriwa kama mwigizaji. Alikuwa fundi wa kupanga vyombo na samani za mandhari. Siku moja alikuwa anasogeza samani katika chumba cha Laura, mtu akamtania asijifungie humo, Lynch akasikia na wazo likamjia. Akamwambia achuchumae mwisho wa kitanda, akampiga picha bila kujua ataitumia wapi. Baadaye walipokuwa wanarekodi Sarah akiinuka ghafla na kupiga ukelele, mpiga picha akasema itabidi warudie kwa sababu mtu ameonekana kwenye kioo cha ukutani. Mtu huyo alikuwa Silva. Lynch akakataa kurudia. Kitazame kioo kile mwishoni mwa sehemu ya kwanza, juu ya kichwa cha Sarah, utamwona. Silva alifariki mwaka 1995. Waliomfahamu wanamsimulia kuwa mtu mpole, labda hilo litakusaidia kulala.

Assalaam aleikum Bi Mkubwa. Tumebishana nyumbani. Mume wangu anasema Leland alipandwa na jini, kwa hiyo hana hatia. Mimi nasema ni mtu mbaya tu. Nani yuko sahihi? *Msomaji, Muscat*

Wa alaikum salaam mwanangu. Mumeo ana ushahidi, na si mdogo. Leland anapokufa akiwa mahabusu anamwambia Cooper kwamba alikuwa mtoto Bob alipomjia, akamfungulia, na kwamba alikuwa hakumbuki aliyoyatenda. Sisi watu wa pwani hadithi ya namna hiyo tunaielewa haraka, hatuhitaji kufafanuliwa mtu kupanda pepo ni nini. Lakini mwambie aendelee dakika chache. Wakiwa nje msituni, Sherifu Truman anasema hawezi kuamini habari za pepo. Cooper anamuuliza kama ni rahisi zaidi kuamini kwamba baba anaweza kumbaka na kumuua binti yake wa kumzaa. Na Albert, mpelelezi mwenzake Cooper, mkali kuliko wote, anasema huenda Bob ni jina tu la uovu ambao watu wanautenda. Wanaachana pale bila kukubaliana.

Filamu ya 1992 ndiyo iliyonifanya nichukue upande. Wakosoaji wengi waliibeza ilipotoka. Walitaka vichekesho, kahawa na pai, wakapewa siku saba za mwisho za msichana ambaye anagundua uso wa mtu anayeingia chumbani kwake usiku tangu alipokuwa na miaka 12. Sheryl Lee, ambaye mwanzoni alichukuliwa aigize maiti na picha ukutani tu, anaibeba filamu nzima mgongoni. Mtazame Leland mezani wakati wa chakula cha jioni. Anamwambia Laura hajanawa, anamshika mkono, anaukagua ukucha. Hakuna pepo pale. Ni baba na meza na chakula kinachopoa, na mama anayemwomba mumewe aache, kwa sauti ndogo. Baadaye Leland analia, anakwenda kumwambia binti yake kwamba anampenda.

Mimi nasema Bob yupo katika hadithi ile, na bado Leland ana hatia. Mtu anaweza kuwa na pepo na akawa pia anajua anachokificha. Hilo ndilo Laura analolijua kabla hajafa, na ukimpa pepo lawama yote unamwambia Laura kwamba alikosea kumwogopa baba yake. Siwezi kumwambia hivyo. Msalimie mumeo, mwambie hasira zangu si kwake.

Mama, pole na kazi. Mji ule uko kweli? Mdogo wangu yuko Seattle, anataka kwenda kuona. *Msomaji, Goma*

Asante mwanangu. Mji wenyewe ni wa kubuni, lakini sehemu zake zipo, na Wakongomani wa huku Kent wamenipa kazi ya kuwapeleka wageni mara nyingi. Mdogo wako aelekee mashariki kwa barabara ya I-90, mwendo wa nusu saa au zaidi kidogo kama hakuna foleni. Maporomoko ni Snoqualmie Falls, yenye urefu wa mita 82 hivi, na hoteli iliyo juu yake, Salish Lodge, ndiyo Great Northern, hoteli ya kwenye tamthilia, kwa nje. Aende baada ya mvua nyingi za Novemba, maji yanakuwa ya hudhurungi na mvuke wake unalowesha koti ukiwa bado kwenye uzio. Amheshimu mwenye mahali: Wasnoqualmie, wenyeji wa bonde hilo, wanayahesabu maporomoko yale kuwa matakatifu, na tangu 2019 hoteli hiyo ni mali yao.

Mkahawa wa Double R uko North Bend, unaitwa Twede's. Uliungua mwaka 2000, ukajengwa kwa sura nyingine, kisha waandaaji wakaurudishia sura ya zamani kwa ajili ya sehemu za 2017. Daraja la chuma ambalo Ronette Pulaski, msichana aliyenusurika usiku wa mauaji, anatembea juu yake akiwa amechanganyikiwa liko Snoqualmie, ni la waenda kwa miguu siku hizi. Ufuko alikokutwa Laura hauko upande huo hata kidogo. Uko Kiana Lodge, karibu na Poulsbo, ng'ambo ya maji, ambako atahitaji feri au mzunguko mrefu wa gari. Asijaribu yote kwa siku moja.

Nimemaliza zile 18 za mwaka 2017 na nimekasirika. Cooper anazunguka, anamleta mwanamke nyumbani kwa Laura, mwanamke anapiga ukelele, taa zinazimika. Ndiyo mwisho huo? *Msomaji, Nairobi*

Ndiyo mwisho, na mimi naupenda kuliko mwisho wowote wa televisheni. Mwaka 1991, katika ile sehemu ya mwisho, Laura alimwambia Cooper ndani ya chumba chekundu kwamba wataonana tena baada ya miaka 25. Walirudi baada ya 26, na Cooper amekuja na mpango: arudi katika usiku wa mauaji amshike Laura mkono, amtoe msituni, kifo kisitokee. Kwa muda kidogo anafanikiwa. Tunaona tena asubuhi ile ya Pete Martell, safari hii ufuko ni mtupu, anavua samaki wake kwa amani. Halafu Laura anaponyoka mkononi mwake.

Mwanamke anayempata Odessa, Texas, hajui jina la Laura. Wanasafiri usiku kucha hadi ile nyumba. Anayefungua mlango hawafahamu akina Palmer (na ni mwenye nyumba halisi huko Everett, walimwomba aigize). Cooper anabaki barabarani anauliza ni mwaka gani. Ndipo inasikika sauti ya Sarah kwa mbali, inamwita Laura. Ni mwito ule ule wa asubuhi ya kwanza, wa 1990, anapomwita binti yake ashuke. Hapo mwanamke anapiga ukelele.

Ninavyoelewa mimi, Cooper alidhani kumwokoa Laura ni kufuta kilichompata. Hakifutiki. Kilimpata, mama yake aliita, na mwili wake unakumbuka hata jina likisahaulika. Unaweza kusoma vingine, lakini usiseme hakuna mwisho.

Na kabla hujafunga kisanduku rudi sehemu ya 15 ya zile za 2017, Mama wa Gogo, yule mwanamke anayebeba gogo lake kila mahali, anapompigia simu Hawk, naibu wa sherifu, kumuaga. Catherine Coulson, aliyemwigiza, alikuwa mgonjwa kweli alipoirekodi, akafariki Septemba 2015, karibu miaka miwili kabla hatujaiona. Lynch alihakikisha anaaga kwa sauti yake mwenyewe. Mtu anayefanya hivyo kwa rafiki hakuwa anatudhihaki watazamaji.

Shikamoo. Wanangu wana miaka 13 na 15, wameona picha mtandaoni wanataka tutazame pamoja. Niwaruhusu? *Msomaji, Dodoma*

Marahaba. Wa miaka 15, misimu miwili ya zamani, ukiwa umekaa naye na uko tayari kusimamisha na kuzungumza. Sehemu ya 15 kwa kuhesabu kutoka mwanzo, ile ya tarehe 10 Novemba 1990, itazame peke yako kwanza; kipigo anachopata Maddy, binamu yake Laura, ni kirefu na kikatili, na uamuzi wa kumwonyesha mwanao ni wako. Wa miaka 13 asubiri. Sehemu za 2017 na filamu ya 1992 wasiguse wote wawili mpaka wawe watu wazima. Na kama wakati mnatazama mmoja wao atanyamaza ghafla au atauliza swali linalomhusu mtu wa nyumbani, zima televisheni umsikilize yeye.